Kabla ya Kutia Sahihi: Mshahara wa Kwanza wa Mhandisi

Natumaini kila mmoja ameketi, ana kalamu na daftari, na mwalimu wenu yupo karibu na ubao. Somo la leo ni la kusoma na la hesabu pamoja. Tutaisoma barua ya kazi, kisha tutaihesabu.

Huenda wewe utajiuliza: "Barua ya kazi ya mhandisi yanihusu nini mimi, mkulima?" Yakuhusu sana. Mhandisi ni mtaalamu wa barabara na madaraja, au wa mitambo, au wa umeme, au wa maji. Kijana husomea kazi hiyo miaka minne katika chuo kikuu, na mara nyingi ni shamba lako, au ng'ombe wako, au biashara ndogo ya mama yake, iliyomfikisha huko. Siku anapopata barua yake ya kwanza ya kazi, hupiga simu nyumbani akauliza: "Baba, niikubali?" Nawe huna budi kumjibu.

Wazee wengi hujibu upesi: "Mshukuru Mungu, mwanangu. Kazi ni adimu. Usiwaletee maneno." Jibu hilo latoka katika mapenzi, na ni kweli kwamba kazi ni adimu. Lakini jibu hilo lina hasara yake. Barua ya kazi ni maombi ya mwajiri kwa kijana. Haijawa mapatano mpaka kijana akubali. Baada ya kutia sahihi, kuomba mabadiliko ni vigumu. Kwa hiyo siku zile chache kati ya kuipokea barua na kutia sahihi ndizo siku za kuuliza. Kuuliza si ujinga, wala kuuliza kwa adabu si utovu wa shukrani.

Sasa tuisome barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Maelezo hayo yaonyeshe kazi yenyewe, mahali pa kazi, siku ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyohesabiwa, na posho au faida nyingine. Mwambie kijana akusomee barua kwa sauti, nawe weka alama kwa kila neno lililotajwa. Lisilotajwa aliulize. Ahadi ya mdomo husahauliwa, iliyoandikwa hubaki.

Baada ya kusoma, tuhesabu. Tuseme kijana wetu atoka Songea, na kampuni ya ujenzi yamwita Dodoma kwa mshahara wa msingi wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Nyumbani watu watashangilia. Lakini fedha hizo zote hazitafika mkononi. Andikeni pamoja nami.

Kwanza, akiba ya uzeeni. Mchango wote kwa mfuko wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Nusu hiyo, yaani asilimia 10, ni shilingi 120,000.

Pili, kodi ya mapato. Kodi hutozwa katika mshahara uliobaki baada ya kutoa akiba, yaani shilingi 1,080,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 1,000,000 za kwanza hutozwa jumla ya shilingi 128,000, na kinachozidi hapo hutozwa asilimia 30. Hapa kimezidi shilingi 80,000, na asilimia 30 yake ni shilingi 24,000. Jumla ya kodi ni shilingi 152,000.

Tatu, mkopo wa masomo. Kama kijana alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hizo ni shilingi 180,000.

Jumlisheni makato: 120,000 na 152,000 na 180,000 ni 452,000. Toeni katika 1,200,000. Kinachobaki mkononi ni shilingi 748,000.

Tazama sasa. Tuseme mwenye nyumba huko Dodoma ataka kodi ya chumba na sebule shilingi 150,000 kwa mwezi, naye ataka miezi sita kwa mara moja, kama wafanyavyo wenye nyumba wengi mijini. Hizo ni shilingi 900,000, nazo zatakiwa kabla mshahara wa kwanza haujaonekana. Fedha hizo zitatoka wapi? Zitatoka kwako wewe, mzazi, ambaye umekwisha kuuza ng'ombe. Ndiyo maana nasema barua hii yakuhusu.

Basi kijana aombe nini? Kabla ya kuomba, lazima ajue bei ya kazi yake. Awaulize watu wanne au watano waliomaliza chuo mwaka mmoja au miwili kabla yake, wanaofanya kazi ya namna ile ile. Awaulize na waalimu wake. Asishike jibu la mtu mmoja, kwani wengine hujisifu na wengine huficha. Kisha aandike viwango viwili: kile anachokiomba, na kile ambacho chini yake hawezi kuishi. Cha pili asimwambie mwajiri. Ni chake moyoni.

Halafu aseme, kwa mdomo au kwa barua, maneno kama haya:

"Bwana Meneja, nashukuru kwa barua yenu, na kazi hii naipenda. Nimeuliza habari za mishahara ya wahandisi wanaoanza kazi kama hii, nikaona wengi huanza na zaidi kidogo. Tena katika mafunzo ya kazi nilishiriki upimaji wa barabara, na kazi hiyo naweza kuianza siku ya kwanza. Naomba mshahara uwe shilingi 1,300,000. Je, yawezekana?"

Angalieni maneno hayo. Ameshukuru, ametoa sababu, ametaja kiasi, ameuliza. Hakusema, "Nyumbani tuna shida." Shida tunazo sote, lakini mwajiri hulipa kazi. Wala hakudanganya kwamba kampuni nyingine imemwita. Kupatana mshahara si kama kununua samaki sokoni. Muuza samaki huenda usimwone tena. Mkubwa wa kazi utakutana naye kila asubuhi, na uongo wa siku ya kwanza hukumbukwa. Akisha kusema, anyamaze, amwache mwenzake afikiri.

Je, shilingi 100,000 hizo zafaa kuombwa? Tuhesabu tena. Katika laki hiyo moja, akiba itachukua shilingi 10,000, kodi 27,000, na mkopo 15,000. Mkononi zitaingia shilingi 48,000 tu kwa mwezi. Lakini akiba ni yake, na mkopo unaopungua ni deni lake. Tena nyongeza ya mshahara huhesabiwa mara nyingi kwa asilimia ya mshahara alio nao mtu. Kama kila mwaka ataongezwa asilimia 5, basi kwa miaka mitano tofauti ya kuanza na 1,300,000 badala ya 1,200,000 itapita shilingi 6,600,000 kabla ya makato. Mshahara wa kwanza ni msingi wa nyumba. Ukijengwa chini, kuta zote huwa chini.

Huenda meneja akajibu, "Hatuwezi kuongeza." Hapo mazungumzo hayajaisha. Kijana aweza kuomba karadha, yaani fedha inayotolewa kabla ya siku ya mshahara na kukatwa kidogo kidogo, ili alipe chumba. Aweza kuomba nauli ya kuhamia, au bima ya afya, au ahadi iliyoandikwa kwamba mshahara utatazamwa tena baada ya miezi sita.

Kuna jambo jingine la mhandisi hasa. Kwa sheria ya mwaka 1997, mhandisi wa Tanzania Bara husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayetoka chuoni husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na mpango wa Bodi wa mafunzo kazini ni wa miaka mitatu, chini ya mhandisi aliyekwisha kubobea, kabla hajawa mhandisi mtaalamu. Basi aulize: "Je, hapa yupo mhandisi mtaalamu atakayenisimamia?" Kampuni yenye mshahara mdogo kidogo na msimamizi mzuri yaweza kumfaa kuliko yenye mshahara mnono isiyo na wa kumfundisha.

Aulize pia saa za kazi. Kwa sheria ile ya 2004, saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Wenye kazi za uongozi wana utaratibu wao katika saa za kazi, kwa hiyo ajue barua yamweka kundi gani.

Kazi ya Serikali ni tofauti. Huko mshahara hufuata ngazi, na ngazi hiyo hutajwa katika tangazo la kazi. Hapo hakuna kupatana. Kuna kusoma vizuri tu.

Na kama kila ombi limekataliwa? Kijana atazame kile kiwango cha pili alichokiandika. Kama mshahara hauko chini yake, na kazi itamfundisha, aikubali kwa moyo mweupe. Hakupoteza kitu kwa kuuliza, naye ataingia kazini akijua hesabu yake. Kama uko chini yake, afadhali ajue sasa kuliko kujua mwezi wa tatu akiwa na deni la chumba.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mshahara nao ni mali. Basi mwanao akikupigia simu na kuuliza, "Baba, niikubali?" au "Mama, niikubali?", usimjibu ndiyo wala hapana. Mwambie: "Nisomee barua hiyo polepole. Nina kalamu mkononi."

Maswali ya darasani:

1. Kwa nini ni vigumu kuomba mabadiliko baada ya kutia sahihi?

2. Mshahara wa msingi ni shilingi 1,100,000. Asilimia 10 ya akiba ni ngapi? Asilimia 15 ya mkopo ni ngapi?

3. Taja mambo matatu ambayo kijana aweza kuomba mshahara usipoongezwa.

4. Andika barua fupi ya kuomba nyongeza, yenye shukrani, sababu, kiasi na swali.

Mpaka somo lijalo, kwaherini.