Mhusika Wangu Simpendi: Mada kwa Warsha ya Watunzi Chipukizi wa Hadithi



Nimeombwa nizungumzie usawiri wa wahusika. Mada hiyo ni pana, na waliosoma fasihi wanazijua habari za mhusika bapa na mhusika duara; sitazirudia. Nitachukua kipande kimoja tu, kile ambacho watunzi huninong'oneza pembeni wanaponiletea miswada niihariri: "Hadithi yenyewe naipenda, ila huyu mhusika mkuu, kusema kweli, simpendi." Wengine huongeza kuwa wanawapenda wahusika wa watu wengine kupita kiasi, wanaweza kukusimulia habari za wapelelezi Bwana Msa au Willy Gamba hadi usiku wa manane, lakini wa kwao wenyewe wanamwandika kwa kujilazimisha.

Kwanza nitenge jambo ambalo halituhusu. Kuna mtunzi anayemchoka mhusika wake kwa sababu mhusika huyo amefanikiwa mno. Arthur Conan Doyle alimmaliza Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, katika hadithi iliyotoka Desemba 1893, kwa kuwa aliona mpelelezi huyo anamla muda wa kuandika riwaya za kihistoria alizozithamini zaidi. Alikuwa na wazo hilo tangu 1891, mama yake mzazi akamzuia. Wasomaji nao hawakukubali. Mwaka 1901 Holmes alirudi katika kisa kilichowekwa kabla ya kifo chake, na mwaka 1903 Doyle akasalimu amri akamfufua kabisa. Agatha Christie alimchoka Hercule Poirot vilevile, akabaki naye kuanzia 1920 hadi 1975. Katika riwaya yake ya *Cards on the Table* ya mwaka 1936 alimtia ndani mwanamke mtunzi wa hadithi za upelelezi, Ariadne Oliver, anayejuta kumfanya mpelelezi wake kuwa Mfini ilhali yeye hajui lolote kuhusu Ufini. Uchovu wa namna hiyo ni wa watu waliolipwa. Tukifika huko tutaitisha warsha nyingine.

Sisi tunaozungumza hapa hatujamchoka mhusika. Hatukumpenda tangu ukurasa wa kwanza.

Tulikoanzia

Wengi wetu tuliijua fasihi kupitia mtihani. Swali lilitaka sifa za mhusika, nasi tukajibu: ni mchapakazi, ni mvumilivu, ana huruma, anafaa kuigwa na jamii. Kwa mtahiniwa hakuna ubaya, maana mtu yule alikwisha kuandikwa na mwandishi, mwanafunzi anamchambua tu. Ubaya huja pale mwanafunzi yuleyule anapokuwa mtunzi akaanzia kwenye majibu. Anaandika kwanza kuwa Neema ni mchapakazi na mvumilivu, kisha anatafuta matukio ya kuthibitisha. Neema anaamka alfajiri, anafagia uwanja, anatukanwa na mama wa kambo, ananyamaza. Anatukanwa tena, ananyamaza tena. Kufikia ukurasa wa thelathini mtunzi anashangaa mbona Neema anamkera. Anamkera kwa sababu hakuna Neema. Kuna orodha ya sifa iliyovishwa kanga.

Najua mtu atanyanyua mkono kumtetea Shaaban Robert, na ana haki. Katika *Kusadikika*, kitabu cha mwaka 1951, mshitakiwa anaitwa Karama na mshitaki wake anaitwa Majivuno. Majina yanatangaza sifa kabla mtu hajafungua kinywa. Mbona tunampenda Karama? Mimi naona ni kwa sababu ya mahali alipowekwa. Yuko kizimbani kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, na silaha yake pekee ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa wakarudi na mema, wakaadhibiwa. Akikosea kusimulia, amekwisha. Jina lake linatuambia ni mwema, lakini tunamfuata kwa sababu anataka kitu na kinaweza kumponyoka. Watunzi wengi walioiga Shaaban Robert walichukua majina wakaacha kizimba.

Chanzo cha pili ni kigumu zaidi kukitaja mbele ya watu. Mara nyingi mhusika tusiyempenda ni sisi wenyewe tuliosafishwa. Kijana amemaliza chuo, ametoka mkoani kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, wajomba wamemkataa, mpenzi amemwacha kwa ajili ya mwenye gari, wakubwa wamemwomba rushwa, na yeye katika kurasa zote mia mbili hajamkosea mtu hata mara moja. Mtunzi anayajua maisha halisi yalikotoka maneno yale. Anajua kulikuwa na mjomba aliyetukanwa na deni ambalo halikulipwa. Anapomsoma kijana wake anasikia uongo, na uongo hauna mtu wa kuupenda.

Euphrase Kezilahabi aliifanya kazi hii kinyume na tunavyoifanya sisi. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika *Kichwamaji* ya mwaka 1974 alimweka Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, asimulie kwa kinywa chake. Ilikuwa rahisi kumfanya Kazimoto shujaa wa kumwakilisha mwandishi. Badala yake alimpa dharau kwa watu wa kwao, akampa kiu ya kulipiza kisasi kwa Manase aliyemharibia dada yake, akamwacha awaze mambo ambayo mtu hangependa mama yake ayasikie. Sijui msomaji anayetaka Kazimoto awe shemeji yake. Hata hivyo sijui aliyeweza kukiweka kitabu chini kabla ya kukimaliza.

Tunaowapenda bila kuwaumba

Kwa nini basi wahusika wa wenzetu hututeka moyo haraka? Watunzi vijana huchukua hili kama ushahidi kuwa hawana kipaji. Mimi nasema wanalinganisha vitu visivyolingana. Bwana Msa alitoka kwenye kitabu cha Mohamed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale*, mwaka 1960, na akaendelea kitabu baada ya kitabu, na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni. Ulipokutana naye alikuwa ameshakaa vichwani mwa wasomaji waliokutangulia. Mhusika wako ana majuma machache, na yuko kichwani mwako peke yako.

Wahusika wa simulizi za kale wana faida kubwa zaidi ya hiyo, kwa sababu kila msimulizi aliyepita aliacha yaliyosinyaa na kubakiza yaliyoshika. Mtazameni Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake aliuandika Muhammad Kijuma mwaka 1913. Sifa zake ni za kupindukia, ni jitu lenye nguvu lisiloshindika. Kwa sifa hizo peke yake angechosha kama Neema. Lakini ulimi wa watu ulihifadhi mkate wa wishwa wenye tupa ndani, ambao walinzi waliudharau wakauacha umfikie kifungoni. Ulihifadhi kitovu, mahali pekee anapoweza kuuawa kwa sindano ya shaba. Ulihifadhi kuwa siri hiyo aliitoa kwa mwanawe, na kwamba alipochomwa alikwenda kisimani akafa amepiga goti na mshale mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Nguvu zake tunazistaajabia, ila kinachotushika ni kwamba alimwamini mtoto asiyestahili kuaminiwa. Na Abunuwasi je? Ni mwongo, ni tapeli, na hakuna mtoto wa pwani asiyemtaka ashinde.

Tukitaka kujifunza kutoka kwao, tuangalie walichohifadhi wasimulizi, yaani kitendo mahususi, kitu kinachoshikika, na kosa.

Asiyepaswa kupendwa

Hapa kuna mkanganyiko unaowapotezea watu muda. Si kila mhusika anadai mapenzi yetu. Maksuudi wa *Utengano*, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, ni mheshimiwa mbele za watu na dhalimu ndani ya nyumba yake. Binti yake Maimuna anafungiwa kama mali. Zakaria, baba yake Rosa katika *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ni mlevi anayempiga binti kwa ajili ya barua ya mvulana. Waandishi wale hawakutuomba tuwapende. Walichowapa ni sababu zao. Maksuudi anaamini anaihifadhi heshima ya nyumba, na Zakaria anaamini anamlinda mtoto. Mtu mbaya anayejua kuwa ni mbaya hupatikana zaidi katika miswada ya wanaoanza kuliko mtaani kwetu.

Jane Austen, kwa maelezo ya mpwa wake, alisema wakati anaanza *Emma* kuwa anamchukua msichana ambaye hakuna atakayempenda sana isipokuwa yeye mwandishi. Kitabu kilitoka mwishoni mwa 1815 na Emma bado anasomwa. Huo ndio mpangilio ninaoupendekeza: mtunzi ashike upande wa mtu wake hata kama dunia haitamshika.

Ninaposema kushika upande sina maana ya kumpamba. Kipimo changu ninaposoma mswada ni kimoja: je, mtunzi mwenyewe ana hamu ya kujua mtu huyu atafanya nini akibanwa? Akiwa na hamu hiyo, mapenzi yatakuja au hayatakuja, lakini hadithi itasimama. Akiikosa, atatafuta njia ya kumwondoa mtu wake. Nimesoma ajali nyingi za mabasi katika kurasa za mwisho. Barabara ya Morogoro imewaua wahusika wengi waliokuwa na afya njema, kwa sababu tu watunzi wao walitaka kulala.

Kumrudia aliyekataa kupendeka

Nitoe mfano wa kubuni tuufanyie kazi. Mtunzi ana Bi Zuhura, mama lishe wa Tandale, mjane, mchapakazi, mcha Mungu, anayesomesha watoto kwa shida. Mtunzi anamheshimu ila hampendi, na anaona aibu kusema hivyo, maana nani asiyempenda mjane mchapakazi?

Jawabu la haraka la wengi ni kumwongezea mateso. Hilo halisaidii, kwa sababu mateso ni mambo anayotendewa, na sisi bado hatujamwona akitenda. Mimi ningeanza na mikono yake na upawa. Bi Zuhura anampimia kila mteja wali kwa upawa uleule, lakini kijana wa bodaboda akikaa bila kuamkia, upawa haujai. Anayesema "Shikamoo, mama" anapata "Marahaba, baba," na kipande cha ukoko juu. Hajawahi kumweleza mtu kanuni hiyo. Wateja wa siku nyingi wameigundua wenyewe, wanawacheka wageni.

Tayari ana kasoro, ndogo na ya kuchekesha, na msomaji amekaa kwenye benchi lake. Sasa tumpe daftari la madeni. Wote wanaokopa wameandikwa, na anadai bila haya, hata mbele ya wakwe za mtu. Jina moja tu limekatwa kwa kalamu nyekundu na deni halikulipwa. Binti yake anamuuliza.

"Mama, huyu Saidi si hajalipa?"

"Funika hilo sufuria, nzi wanaingia."

Mtunzi akifika hapo, mwacheni asijue kwa siku kadhaa kwa nini deni lilikatwa. Akijijibu mapema atajibu kwa sifa: kwa sababu Bi Zuhura ana huruma. Akivumilia, huenda akagundua kuwa alimfanyia Saidi jambo baya ambalo kufuta deni ndiyo njia pekee aliyonayo ya kuomba radhi, au kwamba Saidi anajua kitu. Vyovyote itakavyokuwa, mtunzi ataanza kumwaza akiwa kwenye daladala, na asubuhi atakimbilia daftari lake mwenyewe.

Lugha pia isisahauliwe. Wahusika wengi hawapendeki kwa sababu wote wanasema Kiswahili kimoja, kile cha taarifa ya habari. Mwanamke aliyekulia Pemba hazungumzi kama aliyekulia Shinyanga, na kondakta hasemi na abiria kama anavyosema na mkwewe. Mpe mtu namna yake ya kukwepa swali, kama Bi Zuhura na nzi wake, utaanza kumsikia hata usipokuwa unaandika.

Kuna wakati, baada ya yote haya, mtu bado hasogei. Mwache. Angalia pembeni yake. Mara nyingi aliyekufa ni mhusika mkuu, na anayepumua ni shangazi aliyeingia ukurasa wa tisa kuazima chumvi. Hadithi ni ya shangazi, mpe.

Mwenyekiti, naomba kipindi cha mchana kiwe cha vitendo. Kila mshiriki achukue mhusika wake mmoja asiyempenda, aandike ukurasa mmoja wa mhusika huyo akifanya jambo ambalo mtunzi mwenyewe asingethubutu kulifanya, na asilijutie. Neno la sifa lisitokee popote, si la kusifu wala la kulaani. Kurasa zitasomwa saa tisa bila kutaja majina ya watunzi, na washiriki wataulizwa swali moja tu kwa kila ukurasa: mnataka kujua kilichofuata, au hamtaki?