MITIHANI YA WATOTO WETU NA FEDHA ZA CHAMA

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lavington)



Halmashauri imenipa kazi ya kusema juu ya mitihani, nami najua sababu yake. Tangu KCPE ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, kamati yetu ya karo imekuwa kama fundi wa nguo aliyepoteza futi yake. Kwa miaka mingi tulimwuliza mtoto neno moja tu: Umepata alama ngapi katika 500? Aliyefika kiwango tulimsaidia, na asiyefika tulimpa pole. Sasa alama hizo hazipo, na baadhi ya Wazee wamesema wazi kwamba ni afadhali mtihani ule urudi. Kwa heshima zote, mimi siafikiani nao katika yote, ingawa wana haki katika jambo moja kubwa, nalo nitalitaja mahali pake.

Wazee wenye umri mkubwa hawana haja ya kuelezwa mtihani ulikotoka. Zama za ukoloni mtoto wa Kiafrika alichujwa mara mbili: kwanza baada ya darasa la nne, ili aingie shule ya kati, kisha baada ya darasa la nane, kwa mtihani wa KAPE. Baada ya Uhuru ukaja mtihani wa CPE, na mwaka 1985, pamoja na mpango wa 8-4-4, ikaja KCPE. Majina yalibadilika, lakini kazi ilikuwa ile ile. Viti vya sekondari vilikuwa haba, watoto walikuwa wengi, na ilibidi pawe na mlango mwembamba. Kwa hiyo nasema kwamba kazi ya kwanza ya mtihani ule ilikuwa kugawa viti. Kupima akili kulikuja nyuma yake. Mtu akilisahau jambo hilo atamwita mtoto mjinga, kumbe hakuna ila kiti kilikosekana.

Kupanga shule kwa daraja nako kulikuwa na mwanzo mwema. Katika miaka ya 1970 watu wa Wizara ya Elimu, miongoni mwao Tony Somerset, waliona kwamba maswali ya CPE yalidai kukariri tu. Wakayageuza ili yadai kufikiri, wakawapelekea walimu maelezo ya makosa ya watahiniwa, tena wakatoa orodha ya wilaya kwa kufuata matokeo, ili iliyo nyuma iamke. Lakini orodha ikishatoka, watu huipenda kuliko masomo yenyewe. Miaka iliyofuata tuliona magazeti yakijaa picha za watoto waliobebwa mabegani, na wenye shule wakatambua kwamba orodha ni tangazo lisilolipiwa. Hapo ndipo mtoto dhaifu alipoanza kuwa mzigo. Kuna shule zilizomrudisha darasa, na nyingine zilimwandikisha katika kituo kingine ili wastani wa shule usiporomoke. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza kumrudisha mtoto darasa, ikakataza pia masomo ya likizo, na mwaka 2014 Wizara ikapiga marufuku kule kupanga shule. Masomo ya likizo hayakufa. Yalipewa jina jingine, na wazazi mlio hapa mwajua mliyalipia kiasi gani.

Katika shule zenyewe, kisichotahiniwa hakikufundishwa. KCPE ilipopunguzwa ikabaki na karatasi chache, muziki, sanaa na ufundi viliendelea kuandikwa katika ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini saa zake zilichukuliwa na hisabati. Na mlango ukiwa mwembamba mno, watu hutafuta dirisha. Katika KCSE ya mwaka 2015 watahiniwa waliopata daraja la A walikuwa zaidi ya elfu mbili. Wizi wa mitihani ulipobanwa mwaka 2016, waliopata A walikuwa 141. Kila mtu na afanye hesabu yake.

Sasa nije kwetu. Mwajua kwamba kutoka Lavington hadi Kawangware mtu huenda kwa miguu. Huku kuna shule zenye viwanja vya nyasi na mabwawa ya kuogelea, na baadhi yake zafuata mitaala ya ng'ambo ambayo haikuhusiana na KCPE kamwe. Kule, elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003 na madarasa ya serikali yakafurika, wazazi wengi maskini waliwapeleka watoto katika vishule vya mabati, kwa karo ndogo inayolipwa kidogo kidogo. Mwaka 2011 Serikali ilipogawa nafasi za shule za kitaifa baina ya watahiniwa wa shule za umma na wa shule za binafsi, ili mtoto wa maskini asisongwe, mtoto wa shule ya mabati alihesabiwa kuwa wa shule ya binafsi, fungu moja na mtoto wa akademia aliyeletwa kwa gari. Sidhani kwamba aliyetunga kanuni ile alikuwa na ubaya. Labda hakupata kutembea kutoka huku hadi kule.

Lakini Wazee wana haki katika jambo hili: mtihani ule haukumjua baba wa mtoto. Msahihishaji aliona namba tu. Watoto wa watunza bustani na wa mayaya wa mtaa huu walipanda kwa namba ile, na wengine wameketi humu leo. Mpango mpya wa umilisi una heri zake, lakini hatari yake iko hapo hapo. Mtihani wa KJSEA, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, una asilimia 60 ya hesabu yote. Asilimia 20 hutoka katika KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 nyingine katika kazi zinazopimwa na mwalimu shuleni. Kazi hizo zataka karatasi za rangi, gundi, simu, na fedha za kuchapisha. Mwenye uwezo humnunulia mtoto wake kazi iliyokwisha kutengenezwa. Mwenye watoto watano katika chumba kimoja atafanyaje?

Basi nataka kutoa hoja. Chama kisitafute namba nyingine ya kuweka mahali pa ile 500. Kamati ianze na uhitaji wa nyumba, watu wawili waende wakauone kwa macho, ndipo waitazame ripoti ya mwalimu na daraja za mtoto. Mtoto aliyechagua mkondo wa sanaa na michezo asiwekwe nyuma ya yule wa sayansi kwa sababu tu sisi tulikua tukisikia kwamba sayansi ndiyo elimu. Sehemu ya fedha za karo itengwe mapema mwakani kwa vifaa vya zile kazi za shuleni, wala isingoje mtoto afike sekondari.

Tena kuna ukurasa katika kijitabu hiki chetu ambao kwa miaka mingi umechapa majina ya watoto wa wanachama kwa kufuata alama, wa kwanza juu, wa mwisho chini. Mimi ndiye ninayeupiga chapa. Naomba uondolewe kuanzia ripoti ijayo, na mahali pake tuchape majina ya wote waliomaliza, kwa taratibu ya alfabeti. Najua mzazi ambaye mwanawe angekuwa wa kwanza hatafurahi.

Hoja hii imekwisha kuandikwa, nakala iko kwa Bwana Mweka Hazina. Naomba mkutano uijadili leo kabla ya hesabu za fedha kusomwa, kwa maana kamati ya karo itakutana kabla shule hazijafunguliwa.