Usipake Rangi Juu ya Nimero

Somo la kusoma: 2 Wafalme 22 na 23:1–3

Leo tutaanza na motokari, kisha tutaingia hekaluni Yerusalemu, na mwisho tutarudi kwetu. Mtuvumilie.

Nani kati yetu asiyeijua Land Rover? Wazazi wetu waliiona ikipita kwenye matope, imebeba wamisionari, wagonjwa, mifuko ya chumvi na Biblia. Lakini ilitoka wapi? Baada ya vita vya pili vya dunia, kampuni ya Rover huko Uingereza ilitaka gari la kumsaidia mkulima. Mwaka 1947 mkubwa wa mainjinia wake, Maurice Wilks, alichora umbo lake kwenye mchanga wa pwani ya Anglesey, huko Wales. Chuma kilikuwa haba wakati ule, kwa hiyo bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu. Kabla ya kuanza kuuza, walitengeneza magari ya majaribio, nayo hayakufika 50. Matatu kati ya hayo yalipelekwa kwenye maonyesho ya motokari ya Amsterdam, tarehe 30 mwezi wa nne mwaka 1948. Siku ile dunia iliiona Land Rover kwa mara ya kwanza.

Gari moja kati ya yale matatu lilipotea. Lilitumika barabarani mpaka miaka ya 1960, kisha likaachwa katika shamba huko Wales miaka 20, likinyeshewa mvua. Mtu akalinunua ili alitengeneze, lakini kazi haikuisha, likabaki katika bustani. Mwishowe lilipatikana kilomita chache tu kutoka Solihull, mji uleule lilipotengenezwa. Ndugu, gari la kwanza la jina kubwa vile, limekaa na kutu karibu na mlango wa kwao, na jirani wanapita tu!

Sasa angalieni mafundi walifanya nini. Hawakukimbilia rangi. Kwanza walikaa miezi kadhaa katika makaratasi ya zamani ya kampuni, wakitafuta gari hili lilipita mikononi mwa nani, na kama kweli ni lenyewe. Maana motokari ina nimero iliyopigwa kwenye shasi, na kiwanda kina kitabu kilichoandika nimero ile. Nimero ya chuma na nimero ya kitabu zikipatana, gari limejulikana. Zisipopatana, hata uling'arishe kama kioo, bado hujui ni gari gani.

Tena ile historia iliokoa piesi zenyewe. Magari yale ya maonyesho yalikuwa na aluminiamu nene kuliko yale yaliyouzwa baadaye, na sehemu ya nyuma iliyoweza kutolewa. Fundi asiyejua habari hiyo angeweza kusema, "Hii si ya gari hili, itupeni." Angetupa kitu cha thamani kuliko vyote. Na mwezi wa sita mwaka uleule wa 1948, kiwanda chenyewe kilikuwa kimelibadilisha gari hilo lifanane na yale ya kuuzwa. Kwa hiyo si kila alama juu yake ilikuwa uharibifu. Nyingine ilikuwa kazi ya mikono iliyolizaa. Mafundi waliamua kuhifadhi hata ile rangi ya kwanza ya kijani, pamoja na uchakavu wake.

Sasa twende Yerusalemu. Yosia alitawazwa akiwa mtoto wa miaka 8. Katika mwaka wa 18 wa ufalme wake, aliamuru nyumba ya Bwana itengenezwe. Fedha zikatolewa kwa maseremala, wajenzi na waashi, na watu wale walikuwa waaminifu hata hawakuombwa hesabu. Hapo katikati ya vumbi na mbao, kuhani Hilkia akapata kitabu cha torati. Kitabu cha nyumba kilikuwa kimepotea ndani ya nyumba! Hakuna aliyetoka kukitafuta mbali. Kilionekana kwa sababu watu walianza kutengeneza.

Angalieni tena Shafani mwandishi. Alipofika kwa mfalme, alianza na habari ya fedha, ndipo akataja kitabu. Lakini kiliposomwa, Yosia alisahau habari ya mbao na mawe. Alirarua mavazi yake. Alielewa kwamba nyumba inaweza kupata dari mpya, na watu wa nyumba wakabaki wamevunja agano. Akatuma watu kwa nabii Hulda aulize neno la Bwana, kisha akakusanya watu wote, wadogo kwa wakubwa, kitabu kikasomwa masikioni mwao.

Wapenzi, sasa turudi kwetu, na hapa tunajihubiri sisi wenyewe kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita kanisa letu lilipata mabati mapya na rangi mpya. Karibu na mlango palikuwa na jiwe la msingi lenye majina ya wazee watano walioanza kazi. Mmoja wao alikuwa ameondoka kwa sababu ya ugomvi wa kiwanja, na watu wengi wakamfuata. Hakuna aliyetoa amri. Lakini brashi ilipofika kwenye lile jiwe, haikusimama. Tulipaka rangi ya buluu mara mbili, tukasema kanisa limependeza.

Mzee yule alipofariki, mjukuu wake alikuja kuuliza babu yake alibatizwa hapa mwaka gani. Hatukuwa na jibu. Tukatoa daftari la ubatizo chini ya masanduku, likiwa limeliwa na mchwa pembeni. Mwaka tuliupata. Lakini kwenye ukurasa wa mbele tukasoma jambo jingine: kiwanja tunachosalia kilikuwa shamba la mahindi la mama yake mzee yule. Ndiye aliyelitoa kwa kazi ya Mungu. Na sisi, kwa miaka mingi, tuliwaambia watoto wetu kwamba mzee yule alitaka kunyang'anya kanisa kiwanja chake.

Siku ile tulijua kwa nini Yosia alirarua nguo. Tulichukua kisu na mafuta ya taa, tukakwangua lile jiwe mpaka jina lake likatokea, la pili kutoka juu. Kisha tukaenda kwa mama mjane kuomba msamaha. Alitusikiliza, akatupa chai, hakusema lolote juu ya neno letu. Tulipoinuka aliseme tu, "Mtarudi." Tumerudi mara tatu. Na siku ya Mungu iliyofuata ule ukurasa ulisomwa mbele ya kanisa lote, watoto wakisikia.

Ndugu msikilizaji, wengi tunaomba uamsho. Tunafunga, tunakesha, tunataka Roho Mtakatifu atufanye wapya, na ni vema. Lakini je, tunataka kufanywa wapya, au tunataka rangi tu? Wewe baba, kuna mtoto anayekuuliza ametoka wapi, na kila mara unamwambia anyamaze. Wewe mama, umebeba habari ya miaka ya vita ambayo hukumwambia mtu. Hatukusukumi uitangaze, lakini mwambie Bwana, na umtafute mmoja unayemwamini. Wewe mtumishi, kuna daftari la hesabu ambalo hutaki lifunguliwe. Mungu wetu si fundi wa kuficha nimero. Anaijua tangu tumboni mwa mama yako. Yeye huondoa kutu, lakini ukweli wako hautupi. Na makovu yako, yeye anajua lipi ni uharibifu na lipi ni alama ya mkono wake.

Hulda hakumficha Yosia kwamba hukumu inakuja. Lakini kwa sababu moyo wake ulikuwa laini, alipewa neno la amani. Moyo laini ndio Mungu anaoutafuta usiku huu.

Tusimame tuombe. Kama kuna jina ulilolifunika kwa rangi, lilete mbele za Bwana sasa, na kesho asubuhi uchukue kisu, uanze kukwangua. Bwana awabariki. Ameni.