Kiswahili na Elimu Nyumbufu kwa Vijana Walioikosa Shule



Elimu nyumbufu ni ile inayofuata hali ya mwanafunzi badala ya kumlazimisha mwanafunzi aifuate. Hoja yangu leo ni moja: kulegeza saa na mahali pa kusomea hakutoshi iwapo lugha ya kufundishia haimfikii anayesoma.

Historia yetu yatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1973, kampeni ya “Mtu ni Afya” iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana. Baada ya majadiliano, watu walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Viongozi wa vikundi walikuwa wamepewa mafunzo mafupi tu. Waliweza kazi hiyo kwa sababu maarifa yaliwafikia kwa Kiswahili, nao wakayaeleza kwa Kiswahili.

Urithi huo tunauona katika Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, yaani MEMKWA, ulioanza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika mpango huo, saa za masomo hupangwa kwa kushauriana na jamii. Naomba tulitazame jina lenyewe. Kitenzi “kukosa” kina maana mbili: kutopata, na kutenda kosa. Jamii huzichanganya maana hizo, na aliyekosa shule akahukumiwa kana kwamba ndiye mkosaji. Binti aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito anaifahamu vyema hukumu hiyo.

Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilimruhusu binti huyo kurejea katika shule rasmi. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, arejeapo sekondari, baada ya mwaka mmoja au miwili ya kulea, anakabiliwa na masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza. Mlango umefunguliwa, lakini kizingiti kimeachwa juu. Wala hatuwezi kusingizia uhaba wa istilahi: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Neno “usanisinuru” lipo. Linalokosekana ni darasa la kulitumia.

Tahadhari moja ni muhimu. Kiswahili nacho chaweza kuwa kizingiti kwa mtoto wa Kihadzabe au wa Kidatooga anayeanza kusoma, na kwa kijana kiziwi ambaye lugha yake ni ya alama. Anayedai haki ya lugha kwa wengi hana budi kuidai pia kwa wachache.

Wanafunzi wangu, istilahi hazikomei kwenye kamusi. Nendeni katika vituo vya vijana hawa, msikilize jinsi mwezeshaji anavyolifafanua somo pale Kiingereza kinapomshinda mwanafunzi. Ufafanuzi huo wa papo kwa papo ni data adhimu, na ukiandikwa vyema waweza kuwa msingi wa vitabu ambavyo vijana hao bado wanavisubiri.