Usonji: Haki Isiyo na Bajeti Haifiki Dundori



Leo tuzungumze juu ya watoto ambao wengi wetu tunawajua lakini hatuwataji. Mtoto ana miaka mitatu na hajasema neno. Ukimwita kwa jina hageuki, lakini akisikia karatasi ya peremende anakuja mbio. Kwa hivyo masikio hayana shida. Anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja kutwa nzima, na ukigusa kimoja analia mpaka jirani anachungulia. Mtaani watasema mama amemdekeza. Wengine watasema ni jini, wengine watasema ni chanjo.

Huenda ni usonji, yaani ubongo wake unakua kwa njia tofauti. Hauambukizi. Chanjo haiuleti, jambo hilo limechunguzwa katika nchi nyingi na jibu ni lile lile. Na yeyote anayekuuzia dawa ya kuuondoa anakula pesa zako tu.

Lakini msaada upo. Kuna mtaalamu wa matamshi. Kuna mtaalamu wa kumzoesha mtoto kula, kuvaa, kushika kalamu na kuvumilia kelele. Kuna mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Msaada huo unafaa zaidi ukianza mapema, na lazima urudiwe wiki baada ya wiki. Hapo ndipo mzazi wa kawaida anaposhindwa.

Hebu piga hesabu. Vikao viwili kwa wiki ni vikao 104 kwa mwaka. Ukiishi Dundori na mtaalamu yuko Nakuru mjini, kwenda na kurudi ni safari 208. Matatu imejaa, muziki uko juu, mtoto anapiga kelele, na abiria wanakutazama kama wewe ndiye mwenye makosa. Siku hiyo viazi havipaliliwi. Na bado hujalipia kikao chenyewe.

Sasa mtu atauliza, sheria si ipo? Ndiyo, ipo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 54 kinataja haki za watu wenye ulemavu. Sheria ya 2003 ilikataza hata kumficha mtu mwenye ulemavu ndani ya nyumba. Mei 2025 Rais alitia saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyotokana na mswada wa Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe anaishi na ulemavu wa macho. Maneno mazuri tunayo. Swali ni moja: nani analipa?

Tangu 1 Oktoba 2024 bima yetu ya umma ni SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mkulima na mwenye kibanda hukadiriwa mapato, na hata aliye chini kabisa anatakiwa kutoa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Anayelipa ana haki ya kuuliza analipia nini. Na orodha ya huduma na viwango vyake hutangazwa na Waziri wa Afya katika gazeti rasmi la serikali. Kwa hivyo kuiboresha hakuhitaji kubadilisha Katiba. Kunahitaji watu wa kusukuma.

Marekani, sheria za kulazimisha bima kugharamia usonji zilipitishwa jimbo baada ya jimbo, mpaka kufikia 2019 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Waliosukuma sana walikuwa wazazi. Hata hapa kwetu, Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003.

Basi sisi tudai nini?

Kwanza, usonji utajwe kwa jina katika orodha ya SHA, na vikao vya kila wiki vilipwe bila mtoto kulazwa, idadi yake kwa mwaka ikiwa imeandikwa.

Pili, mtoto akipelekwa kliniki kwa chanjo ya surua ya miezi 18, nesi amuulize mzazi maswali machache ya ukuaji. Anageuka akiitwa? Anaonyesha kitu kwa kidole? Safari hiyo ya kliniki tayari ipo.

Tatu, kaunti. Hospitali za kaunti, zahanati na masomo ya chekechea ni kazi ya kaunti. Mtaalamu awe na siku yake maalum huku wadi, badala ya kila mama kumfuata mjini.

Nne, watoto hawa wahesabiwe. Sensa ya 2019 iliuliza juu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, pamoja na ualbino. Usonji haukuwa na nafasi yake. Takwimu zilizotolewa zilianzia miaka mitano kwenda juu, wakati umri wa kugundua usonji ni kabla ya hapo. Asiyehesabiwa hapangiwi bajeti.

Njia ipo na haina ada ya wakili. Kifungu cha 119 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi Bungeni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki hiyo hiyo katika Bunge la Kaunti. Andikeni ukurasa mmoja, kisha mkusanye majina na sahihi baada ya swala ya Ijumaa, sokoni na stejini. Wazazi wenyewe waongoze, nyinyi muwaandikie na kuwasindikiza. Nakala moja apewe mwakilishi wadi, mkononi.

Tarehe 2 Aprili ni siku ya usonji duniani, na wengi huvaa bluu na kupiga picha. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika katika Bunge la Kaunti kufikia 30 Aprili. Ukingoja uvae bluu ndipo uanze, umebakiwa na siku 28. Anzeni Januari, na siku wananchi wanapoitwa kutoa maoni ya bajeti, msikose.

Na kabla ya hayo yote, mzazi akiingia msikitini au madrasa na mtoto anayepiga kelele, usimkodolee macho. Msogezee nafasi akae.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum.