Kujibu Mapingamizi Kuhusu Wanyamapori katika Maombi ya Kibali cha Changarawe: Hali ya Beni na Butembo



Sheria ya machimbo nyote mnaijua, nitaipita haraka. Sheria ya Madini ya Kongo ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inatenganisha kibali cha kudumu, cha miaka 5, na kibali cha muda kisichozidi mwaka 1. Cha kudumu kinadai uchunguzi kamili wa athari kwa mazingira na jamii. Cha muda kinadai mpango tu wa kupunguza madhara na kutengeneza upya ardhi. Ndani ya eneo linalohifadhiwa hakuna ruhusa, na Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa 1925 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia 1979, ni eneo la namna hiyo. Hapo hatubishani.

Wala hatubishani kwamba changarawe inahitajika. Barabara ya Kasindi–Beni, kilomita 80, na ya Beni–Butembo, kilomita 54, ambazo marais wa Kongo na Uganda walizindua kazi zake Juni 2021, hazijengwi kwa udongo mtupu. Akina mama wanaoponda kokoto hulipia watoto shule kwa kazi hiyo. Sijaja kuomba machimbo yafungwe.

Nimekuja kwa sababu ya jibu moja ambalo nimepambana nalo kwa miaka: “Eneo liko nje ya Mbuga.” Mvuvi anaandika katika pingamizi lake kwamba samaki wanataga mahali pale. Mkulima anaandika kwamba viboko wanapanda hapo usiku kula majani. Wote wawili wanajibiwa kwa mstari huohuo, na faili inafungwa. Mpaka wa Mbuga unamzuia mchimbaji, lakini mto hauzuiliki. Mito ya Lume na Butawu inashuka kutoka Ruwenzori, inapita kwenye mashamba yetu, halafu inaingia Mbugani kukutana na mto Semuliki. Tope linalotibuliwa na mashine juu linafika chini. Katika bonde la Ziwa Edward, unakotoka Semuliki, wamo samaki wa jamii ya barbusi wanaopanda mito na kutaga juu ya changarawe. Tunayoipakia kwenye lori ndiyo wanayoitagia. Na viboko wa Virunga, waliokuwa zaidi ya 20,000 miaka ya 1970, walishuka chini ya 1,000 katikati ya miaka ya 2000 kwa sababu ya ujangili. Waliobaki hawana nafasi ya kupoteza ukingo mwingine.

Jibu la pili linanisumbua vilevile: “Hatukuona mnyama yeyote.” Mlikaa siku ngapi? Msimu gani? Saa ngapi? Okapi hakuwa ameonekana Virunga tangu 1959. Alama zake zilipatikana 2006, na 2008 kamera zilizofichwa msituni Watalinga zikampiga picha. Karibu miaka 50 mtu angeweza kuapa kwamba hayupo, na angekosea.

Najua ugumu wa kazi. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika teritwari ya Beni yamefunga njia nyingi za msituni, na sitamlaumu mtaalamu aliyeogopa kuingia. Lakini aliyeshindwa kufika aandike kwamba hakufika. Kuandika kwamba hakuna wanyama ni jambo jingine kabisa, na linamharibia hata mwenye kibali, kwa sababu wananchi wanaopajua mahali wakishaliona jibu hilo hawaamini tena ukurasa wowote.

Kuhusu vibali vya muda nasema kwa tahadhari, maana wenye mamlaka ya kuvitoa wamo humu ukumbini. Vikifuatana mwaka hadi mwaka kwenye mto mmoja, uchunguzi kamili hautafanyika kamwe, ingawa shimo ni lilelile.

Kwa hiyo ninapendekeza kila pingamizi lijibiwe peke yake, kwa jina la mnyama na mahali palipotajwa. “Nje ya Mbuga” isikubaliwe kuwa jibu. Ripoti itaje tarehe, msimu na saa za uchunguzi, na itaje sehemu zisizofikiwa. Mito inayoingia Mbugani ichunguzwe hadi mahali inapoingilia, hata kama shimo liko mbali. Walinzi wa ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi, na wavuvi waulizwe kabla ya ripoti kuandikwa. Majibu yasomwe kwa Kiswahili na Kinande mbele ya walioandika pingamizi, kwa kuwa faili ya Kifaransa iliyobaki ofisini haijamjibu mtu wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Vibali vya muda vinavyorudiwa kwenye mto mmoja vihesabiwe kama kazi moja na vidai uchunguzi kamili. Kuchimba ndani ya maji kusimamishwe majira ambayo wavuvi wenyewe wanasema samaki wanapanda. Narudia kwa makusudi: ripoti iseme wazi pale isipofika.

Na pale ambapo kokoto ya mlimani inaweza kuchukua nafasi ya changarawe ya mtoni, mkandarasi aoneshe hesabu ya gharama zote mbili kabla kibali hakijasainiwa.