Theluji Haijazi Kikuletwa

Wazee wangu mliopanda basi alfajiri kuja kunisikiliza,

Mada niliyotangaziwa ni mkondo wa Mto Pangani, na mkondo mnaujua: Kikuletwa na Ruvu huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto hushuka kupitia Hale hadi Bahari ya Hindi. Hilo tuliache. Mimi nimekuja na ugomvi, na ninayegombana naye ni picha. Kila warsha ya mazingira ninayoingia, naikuta ukutani: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kinavuja theluji, na chini yake onyo kwamba barafu ikiisha, Pangani nayo kwisha.

Haya, tupige hesabu. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kilomita za mraba 12 hivi. Leo nikiipa 2 nimeipendelea. Tuseme kila mwaka inapungua unene wa mita 1, na yote inageuka maji. Hizo ni mita za ujazo milioni 2, sawa na lita 63 kwa sekunde. Ndoo tatu! Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa libebe zaidi ya mita za ujazo bilioni 1. Tena hata hizo ndoo tatu ni za hisani, maana sehemu kubwa ya barafu ile haiwi maji kabisa. Jua kavu la kileleni huigeuza mvuke papo hapo. Halafu kuna Mlima Meru, usio na barafu ya kudumu hata kipande, na bado unailisha Kikuletwa. Wenye picha yao hawajanijibu hilo mpaka leo.

Maji yanatoka msituni. Miteremko ya kusini, kwenye mita 2,000 na ushee, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, wakati kileleni ni haba mno. Mvua hiyo huzama kwenye miamba ya volkano na kuibuka tambarare, kama pale Chemka, ambapo kiangazi unahesabu kokoto chini ya maji. Mwaka 2005 mtafiti Andreas Hemp alieleza kwamba moto unaoteketeza msitu wa juu, ule unaokamata ukungu, unautia mlima hasara kubwa zaidi ya maji kuliko kuisha kwa barafu.

Niruhusuni sasa nimgeukie mmisionari Rebmann, ambaye wanafunzi wangu wamechoka kumsikia. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kibo, na kule London mwanajiografia Desborough Cooley akamkejeli: theluji karibu na Ikweta? Mimi hurudia pale tu Rebmann anapotaka kujua kile cheupe ni nini, na kiongozi wake, Bwana Kheri, anakiita baridi. Basi. Msafiri aliona jibu hilo pungufu. Mimi naliona kamili: Kheri hakusema maji, hakusema mto. Huenda namvika hekima asiyoikusudia, lakini sitamvua.

Babu yangu zamu yake ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, ilikuwa saa nane za usiku. Mimi nilishika chemli. Yeye alilaza kipande cha mgomba mdomoni mwa mfereji, akashindilia majani na udongo, na maji yakageuka kuingia kihambani, shamba la nyumbani, yakisukuma matandazo makavu mbele yake. Kibo kilikuwa kinang'aa juu yetu. Hakukitazama. Alimuuliza jirani kama huko msituni kumenyesha.

Wahandisi husema mifongo inavuja. Ni kweli, nimepima mwenyewe, na majibu yalinitia aibu. Ila kinachovuja hunywesha migomba na kahawa, na kingine huibuka tena kwa jirani wa chini. Nimepima hoja zote na bado, mkinipa Kikuletwa nigawe, nitawakabidhi wazee wa mfongo kabla ya kamati yoyote yenye mhuri.

Wanafunzi wa mwaka wa tatu: Februari tunapanda kufunga vipimamvua kule msituni. Leteni mabuti; picha ya Kibo iacheni ukutani.